Sudan: Bashir aling'oka, bunduki zikabaki

Asubuhi ya Aprili 11, 2019, Khartoum ililipuka kwa shangwe. Omar al-Bashir, aliyeitawala Sudan kwa miaka 30, alikuwa ameondolewa na majenerali wake mwenyewe baada ya karibu miezi minne ya maandamano. Lakini jioni ilipofika na jeshi likatangaza marufuku ya kutoka nje usiku, waandamanaji waligoma kwenda nyumbani. Walishajua kwamba aliyeondoka ni mtu mmoja tu.

Miaka minne baadaye, majenerali walewale walianza kupigana katikati ya jiji hilohilo. Mpaka sasa watu zaidi ya milioni 10 wameyakimbia makazi yao.

Kwa ufupi
- Wananchi wa Sudan wamewaangusha watawala wa kijeshi mara tatu: 1964, 1985 na 2019. Kila mara jeshi lilirudi.
- Vita vya sasa havikuletwa na maandamano. Mbegu yake ni majeshi mawili yaliyolelewa chini ya utawala mmoja.
- Athari zake zimefika Chad, Sudan Kusini, Uganda na hadi mashamba ya chai Kenya.

Mkate ndio uliowasha moto

Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011, iliondoka na takribani robo tatu ya mafuta yaliyokuwa yakiiingizia Khartoum fedha za kigeni. Uchumi ukaanza kuyumba, benki zikaishiwa noti, foleni za mafuta na mkate zikawa jambo la kila siku.

Desemba 2018 bei ya mkate ilipanda kutoka pauni moja ya Sudan hadi tatu. Desemba 19 watu wa Atbara, mji wa reli na wafanyakazi, waliingia barabarani na kuichoma moto ofisi ya chama tawala. Siku chache tu, habari ikawa si mkate tena. Kaulimbiu ilikuwa fupi: "Tasgut bas", yaani uanguke tu, basi.

Nguvu yao ilikuwa mpangilio. Muungano wa wanataaluma, wakiwemo madaktari, walimu na wahandisi, ulitoa ratiba za maandamano. Kamati za mitaa ziliwatoa watu majumbani. Wanawake walikuwa mstari wa mbele. Aprili 6, siku ambayo mwaka 1985 umma ulimwangusha Jaafar Nimeiri, waliweka kambi mbele ya makao makuu ya jeshi. Siku tano baadaye Bashir hakuwa rais.

Mlinzi wa rais anapokuwa na jeshi lake

Bashir aliingia madarakani Juni 1989 kwa mapinduzi, hivyo alijua vizuri jinsi jeshi linavyoweza kumgeuka mkubwa wake. Dawa yake ilikuwa kutoliacha jeshi lishike bunduki zote peke yake.

Mwaka 2013 wapiganaji wa Janjaweed, waliotumika katika mauaji ya Darfur, walipangwa upya na kuitwa RSF. Mkuu wao, Mohamed Hamdan Dagalo maarufu kama Hemedti, aliwahi kuwa mfanyabiashara wa ngamia. Mwaka 2017 bunge lilikitambua kikosi hicho kisheria, na mwaka huohuo kikadhibiti machimbo ya dhahabu ya Jebel Amer, Darfur. Wapiganaji wake walipelekwa pia vitani Yemen, upande wa muungano ulioongozwa na Saudi Arabia.

Kwa maneno mengine, kikosi kilichoundwa kumlinda rais kilipata fedha zake, biashara zake na marafiki zake wa nje. Jeshi la taifa nalo lilikuwa na makampuni yake. Umma ulipokuja kugonga mlango, wote wawili waliona ni nafuu kumtoa Bashir kuliko kuzama naye.

Meza moja na wenye silaha

Juni 3, 2019, vikosi vya usalama viliivamia kambi ya waandamanaji. Zaidi ya watu 100 waliuawa na intaneti ikazimwa kwa takribani mwezi mzima. Hata hivyo, Juni 30 umati mkubwa ulirudi barabarani, na majenerali wakalazimika kurudi mezani.

Makubaliano ya Agosti 2019 yaliweka kipindi cha mpito cha miezi 39. Jenerali Abdel Fattah al-Burhan aliongoza Baraza la Utawala kwa zamu ya kwanza, Hemedti akiwa msaidizi wake. Mchumi Abdalla Hamdok akawa waziri mkuu.

Hapa ndipo penye somo. Raia walipewa wizara na madeni, wanajeshi wakabaki na silaha na makampuni. Hamdok alilalamika hadharani kuhusu makampuni ya jeshi yaliyokuwa nje ya mikono ya Wizara ya Fedha. Wakati huo serikali yake ilikuwa inaondoa ruzuku ya mafuta ili nchi isamehewe madeni, na katikati ya 2021 mfumuko wa bei ulipita asilimia 400. Lawama zote zilimwangukia yeye.

Zamu ya raia kuongoza baraza ilipokaribia, Oktoba 25, 2021, Burhan na Hemedti walipindua serikali pamoja.

Mafahali wawili, zizi moja

Baada ya mapinduzi hayo kilibaki kitendawili kimoja: nani amtii nani? Mkataba wa awali wa Desemba 2022 ulitaka RSF iunganishwe na jeshi. Jeshi lilitaka ifanyike ndani ya miaka miwili, RSF ikataka kumi. Mvutano huo haukupata jibu, na Aprili 15, 2023 risasi zikaanza kulia Khartoum.

Yaliyofuata yanajulikana. Njaa kali ilithibitishwa katika kambi ya Zamzam mwaka 2024. Januari 2025 Marekani ilitamka kuwa RSF na washirika wake wamefanya mauaji ya kimbari. Machi 2025 jeshi liliirejesha Khartoum mikononi mwake, na Oktoba 26 mwaka huo RSF ikauteka El Fasher baada ya kuuzingira kwa zaidi ya siku 500.

Moshi umevuka mipaka

Chad imepokea mamia ya maelfu ya wakimbizi, wengi kupitia mji mdogo wa Adré. Uganda imewapokea wengine Kiryandongo. Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta ya Sudan Kusini kwenda Bandari ya Sudan lilipasuka katika eneo la vita, na Juba ikapoteza sehemu kubwa ya mapato yake huku watumishi wa umma wakikaa miezi bila mshahara.

Kenya nayo iliguswa. Februari 2025 RSF na washirika wake walisaini jijini Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao. Sudan ilimwita nyumbani balozi wake, na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Sudan ilikuwa mnunuzi mkubwa wa chai hiyo, kwa hiyo mkulima wa Kericho alijikuta analipia ugomvi asioujua.

Serikali ya Burhan inaushutumu Umoja wa Falme za Kiarabu kwa kuipa RSF silaha. Nchi hiyo inakanusha. Kesi ambayo Sudan iliifungua dhidi yake katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitupwa Mei 2025, mahakama ikisema haina mamlaka ya kuisikiliza.

Je, walikosea kuandamana?

Vijana wanapodai haki, mara nyingi hutishwa kwa swali moja: "Mnataka tuwe kama Sudan?" Swali hilo linaficha nusu ya hadithi. Vijana wa Atbara hawakuunda RSF. Aliyeiunda ni mtawala aliyetaka kukaa milele, na Burhan na Hemedti wakairithi nchi akiwa kizuizini.

Kilichowashinda waandamanaji ni kazi ya baada ya ushindi: kuzitoa silaha na dhahabu mikononi mwa watu wachache kabla ya kugawana vyeo nao. Kazi hiyo ilihitaji shinikizo la nchi jirani na za Ghuba. Nyingi zilichagua kuongea na wenye bunduki.

Hata hivyo zile kamati za mitaa hazijafa. Wengi wa waliokuwa wakipanga maandamano sasa wanaendesha vyumba vya dharura: majiko ya jamii, zahanati, usafiri wa wagonjwa. Mashirika makubwa yaliposhindwa kufika, wao ndio waliopika.

Kwa hiyo ukisikia mazungumzo mapya ya amani ya Sudan yametangazwa, tazama kitu kimoja: nani amekaa mezani. Wakiwa ni Burhan na Hemedti peke yao, basi ni mkataba wa 2019 unarudi, safari hii bila hata waziri mkuu wa kubebeshwa lawama.