Usiku wa Msituni Tumewaachia Wageni

Nilipokuwa Mbumbuni, huko Makueni, nilisema nataka kulala hemani kwenye msitu wa Mbooni. Mwenyeji wangu akacheka: "Nyinyi watu wa pwani si mnaogopa majini?"

Nilinyamaza, maana alisema kweli. Kwetu tuna Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zaidi ya 400 kati ya Kilifi na Malindi, nasi hatulali humo hata usiku mmoja. Wageni hukata bahari kuja kumsikiliza bundi mdogo wa Sokoke, aliyepewa jina na wataalamu mwaka 1966. Sisi tukisikia bundi twasema mkosi! Na Mtume (S.A.W.) alikwisha kuikanusha itikadi hiyo. (Kaya sizitii humo, zile zina heshima yake.)

Likizo ijayo nawapeleka wanangu Sokoke. Tutaswali Isha chini ya miti, kisha tumsikilize bundi. Birika la kahawa nalibeba mimi.