Je, Yafaa Kumfuga Chura wa Miti?

Mvua za masika zinapoanza, vyura wadogo wa miti huonekana katika matete na majani ya migomba, wengine wa kijani, wengine wa kahawia, na wengi wao hawapiti ukubwa wa kidole gumba. Wapo vijana wanaowakamata na kuwatia katika makopo na chupa, wakisema kwamba wanawafuga. Tena wapo wanaotaka sanduku la kioo la vyura liwekwe katika chumba cha Baiolojia. Kwa maoni yangu jambo hili halifai, nami nitaeleza sababu zangu.

Kwanza, kufuga si kufungia. Mtu afugaye kuku au sungura anajua chakula chao na maradhi yao. Chura wa miti hali pumba wala makombo ya ugali. Hula wadudu walio hai, tena usiku, wakati sisi tumelala. Hanywi maji kwa kinywa, bali huyapata kwa ngozi yake, na kwa ngozi hiyo hiyo huvuta sehemu ya hewa yake. Kwa hiyo sabuni iliyobaki mikononi mwetu, au dawa ya mbu tuliyojipaka, humwingia mwilini mara tumshikapo.

Bila shaka wako watakaouliza, "Mbona chura wa Kihansi aliokolewa kwa kufugwa?" Ni kweli, na habari zake zastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa Tanzania. Yeye si chura wa miti. Ni chura wa manjano asiyefikia urefu wa sentimita 3. Wataalamu walimgundua mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mahali padogo palipolowanishwa daima na manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipojengwa, maji mengi yaligeuzwa njia, na manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huku nyumbani yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini maradhi ya kuvu yanayoua vyura nayo yakaingia korongoni. Mwaka 2009 ikatangazwa ya kuwa chura huyo ametoweka porini. Mwaka 2010 wazao wa wale waliopelekwa walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa tena Kihansi.

Lakini tusisahau jambo moja. Katika miaka ya kwanza kule Marekani wengi mno wa vyura hao walikufa, ingawa walitunzwa na mabingwa wenye kila chombo. Basi sisi wenye kopo la siagi na majani mawili tutafanikiwa vipi? Tena wale walifugwa ili siku moja warudi kwao, wala si kwa kuchezewa.

Pili, mwenye chura husema, "Nitamwachia likizo ikifika." Atamwachia wapi? Sisi wa bweni tunatoka mikoa mingi. Chura aliyekamatwa hapa, akifunguliwa mbali kando ya kijito cha nyumbani, aweza kuwapelekea vyura wa huko maradhi wasiyokuwa nayo.

Tatu, tumepewa jirani wa ajabu. Katika milima ya Uluguru wapo vyura wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mmoja wa vyura wa miti amepewa na wataalamu jina la milima yetu, Leptopelis uluguruensis. Yuko mwingine, Nectophrynoides viviparus, ambaye hatagi mayai, bali huzaa vitoto vilivyokamilika bila kupitia hali ya viluwiluwi. Watu wa Ulaya na Marekani wamenunua vyura wa miti kutoka Tanzania wakawaweka katika masanduku yenye joto la umeme. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha upelekaji wa wanyama hai nchi za nje. Wao wana udhuru, kwa maana kwao vyura hawa hawapo. Sisi tunao karibu na dirisha, kwa nini tuwafungie?

Shauri langu ni hili. Wenye kufyeka wasikate matete yote ya kijito; waache ukanda mmoja, mbali na mabweni. Kisha Jumamosi moja kila mwezi, mwalimu akikubali, twende jioni na tochi, tusikilize sauti, tuhesabu aina, na kuandika katika daftari la shule. Daftari hilo likiendelea miaka kumi, wadogo zetu watajua kama vyura wanaongezeka au wanapungua. Chupa dirishani haiwezi kutufundisha hayo. Itatufundisha tu jinsi chura anavyokufa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne