Pikipiki Juu, Jenereta Nyuma

Umewahi kusimama Rongo Ijumaa jioni ukatazama pikapu zinazoelekea Homa Bay kwa mazishi ya Jumamosi? Hema, viti na spika zimejaa, pikipiki ya mtu imewekwa mlangoni kabisa, halafu jenereta ya magurudumu inavutwa kwa nyuma. Vijana nao wamekalia ukingo. Ati "ikiingia, itafika". Mimi napinga!

Katika kidato cha pili mwalimu wa fizikia alituonyesha kwa rula juu ya penseli: bonyeza huku, kule kunainuka. Gari ni hivyo hivyo. Jenereta tayari inakandamiza nyuma ya magurudumu ya nyuma. Ukiongeza pikipiki papo hapo, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii. Tena jenereta yenyewe haina breki. Mkianza kuteremka kuelekea ziwani, inawasukuma tu.

Agosti iliyopita nilikuwa juu ya pikapu ya baba mdogo. Iliyumba kama mlevi hadi tukajikuta ndani ya mahindi ya watu. Binamu yangu alivunjika mkono. Baba mdogo alilaumu barabara. Namheshimu sana, lakini lami ilikuwa sawa.

Pikipiki na iegemee kebini, ifungwe kamba pande zote. Jenereta iwekewe mnyororo wa pili na taa. Abiria wapande matatu. Wenye pikapu watasema safari mbili ni petroli nyingi. Kweli, ni nyingi. Mkono wa binamu ulitugharimu mbuzi wawili, na bado haunyooki.