Chukudu ndogo ya kuweka kabatini nayo ina jasho la mtu

Hapa Goma chukudu imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu, kwa heshima ya wale wanaoisukuma kila siku wakibeba makala, viazi na mbao. Lakini fundi anayechonga chukudu ndogo, zile ambazo wageni wananunua kama ukumbusho, hapati heshima hiyo.

Mnunuzi anauliza bei, anaikata nusu, kisha anajisifu kwamba anajua kununua. Hahesabu mbao, msasa, rangi, wala masaa ya kuchonga magurudumu. Tangu Januari 2025, M23 ilipouteka mji na uwanja wa ndege kufungwa, wageni wamepungua. Fundi anakubali bei yoyote kwa sababu watoto wanangoja chakula. Kumpunguzia hapo ni kununua njaa yake.

Anayependa kukusanya vinyago aulize jambo moja kabla ya kubishania bei: kazi hii imechukua siku ngapi? Alipe siku hizo. Na mchuuzi anayevipeleka kuuza mbali amlipe fundi wakati wa kuvichukua, asimwambie angoje mpaka viuzwe.