Programu Huria Zina Wenyewe, Nao Wamechoka

Ipo imani iliyokaa vichwani mwa watu wa TEHAMA wa ukanda wetu kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeihoji tena. Imani hiyo inasema programu huria ni mali ya dunia nzima: wapo maelfu ya wataalamu wanaozitazama usiku na mchana, hitilafu ikizuka wataiona mara moja, na kazi yetu sisi ni kupakua na kutumia. Utaisikia kwenye vikao vya zabuni, utaisikia kwa wahadhiri, utaisikia kwa vijana wanaofungua kampuni zao za kwanza. Wanaoisema wana nia njema, na wengi wao wanazipenda programu hizi kama ninavyozipenda mimi. Lakini imani yenyewe ni ya uongo, na uongo huo una hatari kubwa kwa yeyote anayeendesha seva.

Chanzo chake nakijua. Mtu akisikia programu huria, kinachomjia kwanza ni Linux. Na kiini cha Linux, kile alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, kweli kina watu. Kila toleo jipya hubeba kazi ya watu wapatao 2,000, na wengi wao hulipwa mshahara na kampuni kama Intel, Google na Red Hat kwa kazi hiyohiyo. Ila kiini peke yake hakimfikishi mtu popote. Juu yake kuna zana ndogondogo na maktaba, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu nyingine huviazima ili zisianze kila kitu upya: cha kubana faili, cha kusimba mawasiliano, cha kufungua picha, cha kujua saa ya kila mji. Kule hakuna umati. Kule mara nyingi utamkuta mtu mmoja au wawili, wana kazi nyingine ya kuwapa riziki, na malalamiko ya watumiaji yanawangoja jioni wakirudi nyumbani.

Tazama yaliyoikuta xz. Hii ni zana ya kubana faili, na maktaba yake imo karibu katika kila mfumo wa Linux unaoufahamu. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, karibu peke yake, bila malipo. Mwaka 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akileta marekebisho madogo yaliyo safi. Mwaka 2022 yakazuka majina mengine mageni, yakaanza kumshinikiza Collin: kazi inakwenda polepole mno, ampishe mwingine. Collin alijibu waziwazi kwamba kwa muda mrefu amekuwa na matatizo ya afya ya akili, na kwamba mradi ule ni wa kujitolea. Maneno hayo yaliandikwa hadharani. Kampuni zilizokuwa zikitegemea kazi yake kila siku hazikumletea mtu wala senti. Aliyekuwepo karibu ni Jia Tan, na Jia Tan akapewa funguo za mradi.

Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0 likiwa na mlango wa siri ndani yake. Sehemu kubwa ya mlango huo ilifichwa kwenye faili za majaribio, na maelekezo ya kuuamsha yakawekwa kwenye kifurushi cha kupakua pekee, nje ya hazina ya msimbo ambayo watu huitazama. Uliilenga SSH, njia ambayo wasimamizi wa seva huitumia kuingia kwenye mashine zilizo mbali. Mwenye ufunguo wa mlango ule angeweza kuendesha amri zake kwenye seva ya mtu mwingine bila kuulizwa nywila. Ulikuwa umekwisha kuingia katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, mifumo miwili ya Linux, njiani kuelekea matoleo ambayo benki, hospitali na serikali huyaendesha.

Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, akaufichua. Hakuwa akikagua xz. Alikuwa akipima kasi ya kazi zake mwenyewe, akagundua kuwa kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, na hakukubali kuiacha nusu sekunde hiyo bila kujua sababu yake. Dunia iliokolewa na udadisi wa mtu mmoja aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Maelfu tunaoambiwa wanatazama hawakuwepo.

Wazo la macho mengi, kwamba hitilafu haijifichi watu wengi wakitazama, lilienezwa na insha ya Eric Raymond ya mwaka 1997, naye alikuwa akizungumzia miradi yenye watu tele. Sisi tumelichukua tukalipaka kila mahali. Msimbo kuwa wazi maana yake unaweza kusomwa. Haina maana kwamba umesomwa. Mwaka 2014 ilifichuka hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, maktaba inayosimba mawasiliano ya sehemu kubwa ya mtandao, pamoja na malipo na kurasa za kuingilia benki. Kosa lenyewe lilikuwa jepesi kueleweka: programu ilisahau kuhakiki urefu wa ujumbe iliotumiwa, hivyo mtu wa nje aliweza kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi, funguo za siri zikiwemo. Lilikaa wazi kwa miaka miwili. Taasisi iliyoutunza mradi huo ilikuwa ikipata michango ya dola kama 2,000 kwa mwaka, na mfanyakazi wa kudumu alikuwa mmoja.

Wala OpenSSL haikuwa peke yake. Werner Koch wa Ujerumani, aliyeanza kuandika GnuPG, zana ya kusimba ujumbe, mwaka 1997, alifika mahali akawa anaitunza peke yake huku fedha zikimwishia. Waandishi wa habari wanaolinda vyanzo vyao wanaitegemea zana hiyo. Msaada wa maana ulikuja mwaka 2015, baada ya habari zake kuandikwa: Facebook na Stripe wakaahidi dola 50,000 kila mmoja kwa mwaka.

Kinachoniudhi zaidi ni tabia ambayo imani hii huijenga. Desemba 2021 ilipogunduliwa hitilafu kubwa katika Log4j, maktaba ya lugha ya Java, ofisi za dunia nzima zilishikwa na hofu. Mwezi uliofuata kampuni moja kubwa ilimwandikia Daniel Stenberg, Mswidi aliyeandika curl, zana ya kuhamisha data inayofanya kazi ndani ya mabilioni ya vifaa, simu yako ikiwemo. Walimtaka ajibu maswali yao ya usalama ndani ya saa 24. Hawakuwa na mkataba naye. Hawakuwahi kumlipa. Wala curl haina uhusiano wowote na Log4j, kwa sababu imeandikwa kwa lugha ya C. Stenberg aliwajibu kwamba atafurahi kuwasaidia wakishatia saini mkataba. Alifanya vyema, na ningependa kila mtunzaji ajibu hivyo.

Nasi Afrika Mashariki hatuna haki ya kujiweka pembeni, kana kwamba hili ni shauri la kampuni za California. Anayetumia Vim, programu ya kuandikia maandishi, anajua ujumbe ambao kwa miaka mingi umemkaribisha kila aliyeifungua bila faili: ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim kwa umma mwaka 1991, alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, miaka michache baadaye kufanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto. Aliporudi kwao hakudai malipo ya kazi yake. Aliwaomba watumiaji wake wakisaidie kituo kile, na kwa miaka mingi watoto wakasomeshwa kwa michango yao. Moolenaar alifariki Agosti 2023 akiwa na miaka 62. Vim inaendelea kwa kuwa wapo waliojitokeza kuibeba. Programu moja ya kuandikia maandishi imetoa zaidi kwa watoto wa Uganda kuliko ofisi zetu zilivyowahi kurudisha kwa programu hizo, na mimi naona hilo ni aibu yetu.

Kuna atakayesema: basi tununue programu zilizofungwa, zenye kampuni ya kulaumu. Ukizifungua utazikuta maktaba zilezile ndani yake. Kila simu ya Android ina SQLite, na humo ndimo meseji zako zinamohifadhiwa, za kawaida na za WhatsApp. SQLite ni mfano ambao ningetaka wakuu wa TEHAMA wausome kwa makini. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 na hadi leo inaandikwa na watu wachache mno. Kwa kawaida haipokei msimbo kutoka nje. Haina hata leseni ya kukubana, kwani waandishi wake wameiachia umma moja kwa moja. Lakini waandishi hao wanalipwa, kupitia umoja wa kampuni zinazoitegemea, na majaribio yao hupita katika kila tawi la msimbo. Ubora wake umetokana na watu wachache wenye utulivu, muda na mshahara. Hicho ndicho kilichokosekana kwenye xz.

Mwingine atasema sisi ni maskini, walipe matajiri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa katika nyumba hii miongo mitatu. Na jembe lipo la kila uzito. Ujerumani, kupitia mfuko wake wa Sovereign Tech Fund ulioanzishwa mwaka 2022, imeilipia kazi ya curl na nyingine nyingi, ikizihesabu kuwa miundombinu kama barabara. Hatuna fedha za Ujerumani, lakini tunao wahitimu wa sayansi ya kompyuta wasio na kazi, na vyuo ambavyo miradi yao ya mwaka wa mwisho huishia kwenye kabati. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Uwezo upo. Tulichoshindwa ni kuifanya kazi hiyo kuwa desturi.

Pengine mahali pepesi pa kuanzia ni kwenye saa. Karibu kila mfumo wa jamii ya Unix husoma saa zake kutoka kanzidata ya majira ya saa iliyoasisiwa na Arthur David Olson nchini Marekani na ambayo sasa mhariri wake ni Paul Eggert. Dar es Salaam na Kampala humo zimeunganishwa na Nairobi. Sudan Kusini iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, ilibidi watunzaji hao watoe toleo jipya mwishoni mwa Januari ili simu na seva za Juba zisipotoke. Taarifa kama hizo hazihitaji dola. Zinahitaji mtu wa wizara anayejua kuwa upande wa pili kuna binadamu anayezisubiri.

Bajeti za Tanzania, Kenya na Uganda husomwa mwezi Juni. Nawaomba wakuu wa TEHAMA wa benki, kampuni za simu na mamlaka za serikali wafanye mambo mawili kabla ya Juni ijayo. Waorodheshe kila maktaba na zana huria inayobeba mifumo yao, pamoja na jina la anayeitunza. Kisha watenge fungu la kuwalipa watunzaji hao, au mshahara wa kijana mmoja wa kwetu ambaye kazi yake itakuwa kusoma msimbo huo, kuripoti hitilafu na kutuma marekebisho. Ofisi inayoweza kulipia leseni za maelfu ya dola kila mwaka inaweza kulipia na hilo.