Daftari, Meseji au Programu: Rekodi za Pesa Zako Ziko Salama Wapi?

Ukiwauliza wateja jinsi wanavyoweka rekodi za pesa, kila mmoja atatetea njia yake. Mama mboga ana daftari. Mtu wa boda anasema meseji ziko kwa simu, zinatosha. Mweka hazina wa chama anasifu Google Sheets, na kijana wa duka amepakua programu inayojumlisha yenyewe. Wote wana sababu, lakini kwetu sababu hizo hazina uzito sawa.

Wa daftari wanasema haliishi chaji, na deni huandikwa papo hapo hata kama mteja amelipa nusu kwa kesh. Ni kweli. Taarifa ya miamala, hata hii tunayokupa sisi, haijui kesh wala deni. Shida ni kwamba daftari liko moja tu. Likinyeshewa, madeni yamekwenda nalo.

Wa meseji wanapenda kuwa kila moja ina namba ya muamala, tarehe, saa na salio. Lakini meseji haisemi pesa ilikuwa ya nini, na simu ikiibwa zinaenda nayo. Isitoshe, matapeli hutuma meseji zinazofanana na za kweli. Ukitoa bidhaa kabla ya kuangalia salio, hasara ni yako.

Google Sheets ina faida kubwa kwa chama: wanachama wanaweza kupewa ruhusa ya kuona bila kubadilisha, na historia yake huonyesha nani alibadilisha nini. Ugomvi mwingi huishia hapo. Wanaolalamika wanataja skrini ndogo na bando. Malalamiko yao ni ya haki.

Programu za hesabu ndizo zinasifiwa zaidi, na ndizo zinatutia wasiwasi zaidi. Programu ukiiruhusu isome meseji zako, haioni za pesa pekee. Inaona pia namba za siri za mara moja kutoka benki, na mambo ya nyumbani kwako. Wengine husema, "Mimi sina cha kuficha." Sawa, lakini majina na namba za wateja wako zimo humo pia, na wao hawakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwa vipi, na kuomba isahihishwe au ifutwe. Programu isipoeleza hilo waziwazi, iondoe.

Kwa hivyo, kabla ya kuchagua, jiulize maswali matatu. Je, inanasa kesh na deni? Simu ikipotea leo usiku, kesho utabaki na nini? Nani mwingine anasoma?

Hakuna njia moja inayojibu yote matatu. Maoni yetu ni kuwa utumie mbili: daftari au Google Sheets kwa kuandika sababu ya kila pesa, na taarifa ya miamala ya kila mwezi kama shahidi. Linganisha hizo mbili mwisho wa mwezi. Daftari lipige picha na uihifadhi nje ya simu, kwa mfano kwenye barua pepe yako. Na usitupe mapema: kwa mambo ya ushuru, sheria inataka rekodi za biashara zihifadhiwe miaka 5.

Daftari la shilingi chache linalojazwa kila jioni linashinda programu ya kifahari uliyoifungua mara mbili tu.