Njia za magari ufukweni na misituni Rumonge: kufunga peke yake hakutoshi

Mwaka 2024 nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Malalamiko yalikuwa mengi, na yalikuwa na sababu, kwa kuwa mtu anayeishi kwa nyavu hawezi kuambiwa miezi mitatu ni michache. Lakini kuanzia Rumonge hadi Kigoma, kuanzia Kalemie hadi Mpulungu, hakuna mvuvi aliyekuwa na shaka juu ya siku ya kufunga, siku ya kufungua, wala nani anayekatazwa.

Tunalikumbusha jambo hilo kwa sababu hatua chache tu kutoka majini hali hubadilika kabisa. Njia za magari zinazoshuka ufukweni au kuingia kwenye hifadhi za misitu hufungwa kwa namna nyingine. Gogo hulazwa njiani, au mtaro huchimbwa, au mtu hutumwa kusema kwamba hapapitiki. Hadi lini? Apite wapi mwenye shughuli ya halali? Je, gari la mradi au la ofisi nalo limekatazwa? Hayo hayasemwi, na pengo hilo ndilo linaloharibu ardhi kuliko matairi yenyewe.

Kwa sasa wengi wataona ni suala dogo. Magari ya 4x4 kwenye pwani ya Burundi si mengi, na uhaba wa petroli wa miaka ya karibuni umefanya kazi ambayo askari wa mazingira wasingeiweza. Lakini tusijenge sera juu ya vituo vya mafuta vilivyokauka. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikwisha kugharimia mradi mmoja wa barabara kwa nchi mbili: kilomita 260 upande wa Tanzania, kutoka Kabingo kupitia Kasulu hadi Manyovu, na kilomita 45 upande wa Burundi, kati ya Rumonge na Gitaza. Maana yake ni kwamba mtu wa Kigoma, Kahama au Mwanza mwenye gari imara na siku nne za mapumziko anaweza kuvuka Mugina, ashuke Nyanza-Lac, afuate ziwa kwenda Rumonge na kumalizia Bujumbura. Huo ndio utangamano tunaouimba. Lami ikifika, hata hivyo, wageni hawabaki kwenye lami. Watataka kuona maji kwa karibu, watataka kupiga hema, na watauliza njia ya kwenda kuwaona sokwe.

Sheria ya maji ya Machi 26, 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika kuwa mali ya umma. Mjadala wa ukanda huo kwa kawaida ni wa majengo: nani kajenga hoteli, nani kabomolewa, nani kaachwa. Magari hayazungumzwi. Ila mali ya umma si mahali patupu panapongoja dereva. Kwenye mchanga huo huo mitumbwi huvutwa na nyavu hushonwa, na hapo ndipo wanawake huanika ndagala, yaani dagaa kama wanavyoitwa Kigoma. Kwa miaka mingi dagaa walianikwa chini mchangani, na ingawa shirika la FAO lilifundisha matumizi ya vichanja vya waya kwenye pwani hii, kichanja hakizuii vumbi la gari linalopita kasi mita tano pembeni. Dagaa wenye mchanga huuzwa kwa bei ya hasara. Anayelipa gharama ya matembezi hayo ni mama mwenye kapu, na hakuna atakayemwandikia risiti.

Usiku mwenye njia ni kiboko, anayetoka majini kwenda malishoni kwa vijia vyake vya kila siku. Anayepiga hema juu ya kijia hicho au kukiziba kwa gari asitafute mchawi.

Halafu ziwa lenyewe halitulii. Mwaka 2021, na tena 2024, maji yalipanda yakaingia majumbani na barabarani. Maji yakipanda, ufuko wa jana unakuwa ziwa, na gari lililozoea kupita mchangani linahamia kwenye shamba la mihogo la mtu. Mwaka unaofuata maji yanashuka, lakini njia ya shambani imekwisha kuzoeleka. Ndivyo njia moja inavyozaa mbili bila mtu yeyote kuamua.

Juu ya mji, kwenye vilima, kuna hifadhi za misitu za Rumonge, Vyanda na Bururi, na kusini, karibu kabisa na barabara ya ziwani, msitu wa Kigwena. Zimelindwa tangu amri ya Machi 3, 1980, zikawekewa sheria mpya ya maeneo ya hifadhi Mei 30, 2011, na leo ziko chini ya OBPE, ofisi ya Burundi ya kulinda mazingira. Vyanda kuna sokwe kwenye miti ya miombo. Bururi ina hekta 3,300 hivi, na Kigwena ni ndogo zaidi, haifiki hata elfu moja. Msomaji aliyezoea hesabu za Serengeti atacheka, lakini udogo ndio hatari yenyewe. Serengeti, njia mpya ya gari ni mkwaruzo. Kigwena, njia moja inakata msitu vipande viwili.

Tena katika mkoa unaopikia makaa, njia ya gari ni njia ya makaa. Gari la mgeni au la mtafiti likishakanyaga majani mara kumi, baiskeli inaweza kupita, na panapopita baiskeli gunia linatoka. Mchoma makaa haingii msituni kwa kupenda giza lake, bali anafuata mahali ambapo mzigo utatokea kwa urahisi. Kwa hiyo dereva anayesema "mimi nilipita tu, sikukata hata mti mmoja" anasema kweli, na bado amefungua mlango.

Uharibifu huo hauishii mlimani. Kutoka Gitaza kwenda kusini miteremko inasimama karibu wima juu ya ziwa, na mvua ya Imbo ikianza kila mfereji wa matairi unageuka mfereji wa maji, udongo unashuka na ziwa linakuwa jekundu. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walichapisha uchunguzi uliolinganisha sehemu za Ziwa Tanganyika zenye udongo mwingi kutoka mashambani na zile ambazo miteremko yake haikuvurugwa. Penye tope, aina za viumbe wa majini, samaki wakiwemo, zilikuwa chache. Kilimo cha miteremko ndicho chanzo kikubwa cha udongo huo, si magari, na haitakuwa haki kumwekea dereva dhambi zote. Lakini mkulima walau anaweza kufundishwa kuchimba matuta. Mfereji wa matairi hauna mwenyewe.

Basi kwa nini kufunga hakutoshi? Tazama njia yoyote ya udongo wakati wa masika. Gari la kwanza linazama katikati. La pili linapita kushoto kukwepa shimo, la tatu linapita kulia, na kufikia mwisho wa mwezi njia ya mita tatu imekuwa uwanja wa mita ishirini. Sasa weka gogo katikati. Mwenye 4x4 atazunguka gogo, kwa kuwa gari lake limetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Atakayekwama ni mwenye baiskeli aliyebeba mikungu ya mawese, na mama mjamzito anayepelekwa kituo cha afya kwa pikipiki. Kizuizi kimewachuja wanyonge na kumpitisha mwenye nguvu, na pembeni yake imezaliwa njia mpya. Mahali ambapo njia iliyo wazi haikutajwa, kila pembe ya gogo ni njia.

Majirani wametangulia kupata adabu hiyo, nao wana sheria na askari wengi kuliko sisi. Julai 2025 zilisambaa video za Serengeti kaskazini zikionyesha watalii waliotoka magarini na kuziba ukingo wa Mto Mara mahali ambapo nyumbu walikuwa wanavuka, na serikali ya Tanzania ikalazimika kutoa maagizo upya. Sheria ilikuwepo muda wote. Ng'ambo ya mpaka, katika Maasai Mara, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu watoto wa duma. Penye watalii wachache, kila uzao ulifikisha kwa wastani watoto 2.3 umri wa kujitegemea. Penye watalii wengi wastani ulikuwa 0.2. Hakuna aliyempiga duma risasi. Walimzunguka kwa magari tu. Wasimamizi wa Vyanda waipime vizuri tofauti hiyo kabla ya kuanza kuwatangazia wageni sokwe wao.

Lakini Kenya inatupa pia mfano wa upande wa pili, nao hauna budi kutajwa, kwani ni rahisi kuwageuza wenye magari hayo kuwa maadui. Tangu 1989 hufanyika huko shindano la Rhino Charge, ambamo magari yasiyozidi sabini hivi hutafuta vituo 13 kwa saa kumi, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi zaidi, si aliyekimbia zaidi. Hupita makorongoni, hupanda majabali na huvunja ekseli. Ila hufanyika mara moja kwa mwaka, mahali panabadilishwa, wenye ardhi hukubali kwanza, na fedha zinazochangwa huenda kwa shirika la Rhino Ark. Uzio wa milima ya Aberdare, wa kilomita kama 400, uliokamilika mwaka 2009, umetokana kwa sehemu kubwa na michango hiyo. Watu wale wale wanaopenda kuchafuka matope ndio waliolinda msitu. Waliambiwa wapi, lini na kwa bei gani.

Rumonge haihitaji shindano wala uzio. Inahitaji karatasi moja. Iandikwe kwamba kati ya mji na Nyanza-Lac, gari linaweza kushuka ufukweni kwa njia hizi tano au sita, zenye majina, na si nyingine. Iandikwe kwamba njia fulani ya Vyanda iko wazi kiangazi na imefungwa kuanzia mvua za kwanza hadi Mei, kama ziwa linavyofungwa kwa tarehe. Itajwe pikipiki ya mgonjwa, baiskeli ya mawese na mtumbwi unaobebwa kwa lori, kwamba hao wana njia yao. Ibandikwe Mugina na Manyovu kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, kwa kuwa dereva wa Kigoma hawezi kulaumiwa kwa tangazo lililosomwa kanisani siku ya Jumapili kwenye kilima asichokijua.

Neno gumu zaidi liwe la kwanza: sheria hiyo iwafunge wenye mashangingi. Kila mkazi wa pwani hii anajua kwamba magari makubwa anayoyaona kwa wingi si ya watalii. Ni ya ofisi, miradi na mashirika. Mwananchi akiona gari lenye nembo mlangoni limepita juu ya kizuizi alichokatazwa jana, kizuizi hicho kitakuwa kuni jioni ile ile.

Kwa madereva wenyewe, wenyeji na wageni, ufundi wa kutoharibu si siri. Penye mchanga, punguza upepo wa matairi badala ya kuongeza mwendo. Penye shimo la matope, pita katikati ya shimo. Kama gari haliwezi, rudi, usipanue njia. Tairi likianza kuzunguka mahali pamoja, ondoa mguu, maana kila mzunguko unachimba. Kijito kivukwe kwenye kivuko kilichokuwepo, kwa kukikata moja kwa moja, si kwa kukifuata. Na penye dagaa walioanikwa, shuka uulize. Kwa mila za huku salamu haina gharama, na mara nyingi mzee anayeshona nyavu ndiye ramani bora kuliko ile iliyo kwenye simu.

Linabaki swali la nani atie saini. Mageuzi ya mwaka 2025 yalipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na komine kutoka 119 hadi 42. Rumonge, iliyokuwa mkoa tangu 2015, sasa ni komine ndani ya mkoa wa Burunga wenye makao yake Makamba. Ukanda wa ziwa una wizara yake, misitu ina OBPE, barabara ina mamlaka nyingine, na komine ina watu wanaopita kila siku. Kila mmoja anaweza kuweka gogo. Hakuna hata mmoja anayeweza peke yake kusema njia ipi iko wazi. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa 2003 na yenye makao Bujumbura, iliweza kuzikalisha nchi nne pamoja kwa ajili ya miezi mitatu ya samaki. Kukalisha ofisi nne za nchi moja kwa ajili ya njia sita za gari kusiwe kazi ya miaka, hasa kwa kuwa kazi yenyewe hufanyika kiangazi, udongo ungali mkavu na mipaka ikionekana, na mvua za Imbo hurudi kila Septemba au Oktoba.